Mwizi na Mnyang'anyi Mlangoni Kwangu

Mkono wangu wa kushoto hauna kidole kidogo wala jirani yake. Watoto wakiuliza nawaonyesha, sifichi. Aliyevikata yu hai, na yu hai kwa sababu kuna neno moja nilikataa kulisema.

Kwetu Machochwe mwanamke asiyezaa mtoto wa kiume haachi nyumba yake izimike. Mimi nilizaa wasichana watupu. Wakaolewa, ng'ombe wakaingia, mume wangu akafa. Nikachukua ng'ombe wale nikaoa. Ndiyo, nilioa mke, mimi mwanamke. Hiyo tunaiita nyumba ntobhu. Mke wangu hujitafutia mwanamume anayempenda, ila watoto ni wa nyumba yangu, wa ukoo wa marehemu. Mwanamume yule hana chake. Ale, alale, aende. Hapa kwetu hata mbuzi wanalijua hilo.

Mtoto wa kwanza wa mke wangu ni msichana, mjukuu wangu. Yuko kidato cha tatu, na akiongea Kiingereza kuku wanageuza shingo. Mimi niliishia darasa la pili, kwa hiyo najivuna kupitia mdomo wake, na sioni aibu.

Siku nilipokatwa vidole, mke wangu alikuwa ameenda mnadani Mugumu. Mimi natwanga udaga, muhogo uliovundikwa ukakaushwa, uani, msichana amekaa kwenye kigoda anajisomea mtihani.

"Bibi, steal na rob, tofauti yake nini?"

"Mimi ndiyo wa kuulizwa Kiingereza? Muulize ng'ombe."

"Sikiliza basi. Steal, mtu anachukua chako kimyakimya, huna habari. Rob, anakuchukulia ukiwa hapohapo, kwa nguvu ama kwa kukutisha."

"Kumbe na Wazungu waliwahi kuchukuliwa ng'ombe!"

Akacheka mpaka akashika mbavu. "Sasa kuna kill na murder. Hizo mwalimu anazipenda sana."

Kabla hajanieleza, pikipiki ikaingia uani.

Alikuwa yule mwanamume aliyemzaa, na vijana wawili nyuma yake. Gongo ilinuka kabla hajashuka. Mkononi ana panga.

"Vaa viatu," akamwambia msichana. "Umepata mchumba Kerende. Ng'ombe tumeshakubaliana."

"Mmekubaliana na nani?" nikauliza.

"Na baba yake. Mimi."

"Baba yake amelala pale nyuma ya ghala tangu wewe hujaota ndevu."

"Damu ni yangu, we bibi kizee. Usinifundishe."

"Damu! Fahali wa jirani akiruka ua akampanda ng'ombe wangu, ndama ni wa nani?"

Vijana wake wakacheka. Kicheko kile ndicho kilichomchoma. Alimkamata msichana mkono akamvuta, nikasikia bega likilia kama muhogo unaovunjwa. Mtoto akapiga ukelele ambao sitausahau. Mimi mchi ulikuwa mikononi tayari. Niliuinua nikaushusha kwenye mtulinga wake, mfupa ukaitikia. Akarusha panga kwa mkono wa pili. Nikakinga. Vidole vikaanguka ndani ya kinu, na unga mweupe ukawa mwekundu. Maumivu sikuyasikia. Nilikasirikia unga wangu. Nikampiga tena, gotini, akaenda chini. Wale mashujaa wake wakadandia pikipiki wakamwacha.

Ndipo nikapiga yowe.

Yowe kwetu halisubiri mtu amalize ugali. Wanaume walitoka kila upande na pinde na mikuki. Mmoja alishaweka mshale kwenye upinde. Kiongozi wa sungusungu akanitazama, damu inanitiririka hadi kiwikoni.

"Mama, ni mwizi?"

Mgeni angedhani ni swali tu. Kwetu mwizi aliyekamatwa hapelekwi mbali. Ningeitika, mtu yule angekufa kabla damu yangu haijakauka. Na nilitaka kuitika. Ulimi ulikuwa umeshafika kwenye meno.

Msichana alikuwa ameegemea ukuta, mkono unaning'inia. "Bibi, wakimuua, ndugu zake watasema nimemmaliza mimi. Watakuja kunichukua mimi."

Alikuwa na akili kuliko hasira yangu.

"Si mwizi," nikasema. "Mwizi anajua kitu si chake. Huyu amekuja mchana kweupe, anaona ni chake. Mpelekeni ritongo akaelezwe."

"Mura, shusha upinde," kiongozi akamwambia yule kijana wa mshale.

Walimpiga lakini. Sikuwazuia. Walimpiga kwa fimbo mpaka akajinyea, ndipo wakamfunga kamba.

Kwenye ritongo, mkutano wetu ambao ukoo mzima hukaa chini kusikiliza, wazee walimwapisha mbele ya ndugu zake wote: msichana ni wa nyumba yangu, na yeye hatavuka lango langu. Kiapo kile kikivunjwa hakimli mvunjaji peke yake, kinakula ukoo. Kwa hiyo leo ndugu zake ndio wanaomlinda asinisogelee. Wangezika maiti, wangekuja kwangu na mishale.

Vidole vyangu tulivizika nyuma ya ghala, karibu na mume wangu. Msichana alirudi shule na mkono umefungwa kitenge.

"Bibi, hatukumaliza kill na murder," akaniambia jioni moja.

"Tulimaliza siku ile," nikamjibu. "Soma mengine."

Wiki iliyopita yule mwanamume alipita barabarani, bega moja chini. Alisimama ng'ambo ya lango.

"Shikamoo, mama."

Salamu hainyimwi mtu. "Marahaba," nikasema. Ndani msichana alikuwa anasoma kwa sauti, Kiingereza kitupu. Mwanamume akasikiliza kidogo, hakuelewa, nami pia sikuelewa. Nikainua mchi, nikaendelea kutwanga. Akaenda zake.