Viduara Vyeusi vya Jiwe la Mgori

Nilikwenda Mgori kwa sababu ya maneno yangu mwenyewe. Dada yangu Neema, aliyeolewa huko, aliniletea Dodoma jiwe lililotoka kwenye kisima chao kipya. Kazi yangu ni kukata mawe na kuyasaga mpaka yapitishe mwanga, wataalamu wayatazame kwa hadubini. Ndani ya ulanga wa jiwe lile, yale madini ya vipande vyembamba vinavyometa, niliona viduara vyeusi, nikampigia Neema simu: "Jiwe lenu lina viduara vyeusi. Hayo ni makovu ya mionzi." Neema akawaambia wenzake, na wiki haikuisha, kisima kikaachwa kwa hofu. Wanawake wakarudi kuchota bondeni, mwendo wa saa nzima.

Asubuhi moja nilipanda basi hadi Singida mjini, hadubini mapajani. Bodaboda aliyenipeleka Mgori aliniuliza mara mbili natafuta madini gani. Nilipomjibu hakuna, aliguna tu.

Saa nane mchana nilikuwa kisimani, Neema na wanakijiji wakinisubiri. Bi Salima, mwenyekiti wa kamati ya maji, aliitikia shikamoo yangu akitazama mizigo yangu.

"Marahaba. Wewe ndiye uliyetufungia kisima?"

"Ndiyo, mama."

"Ili tuhame, waje wachimbaji?"

Nikaiweka hadubini na kipande chembamba cha jiwe lile, wanakijiji wakaangalia mmoja mmoja. Nikaeleza kwamba katikati ya kila kiduara kuna chembe ya madini yenye mionzi hafifu, nayo imeuchoma ulanga taratibu kwa mamilioni ya miaka. Mawe mengi ya jamii hiyo yana alama kama zile.

"Kwa hiyo maji ni salama?" Bi Salima aliuliza.

Nilitamani kusema ndiyo. "Sijui, mama. Kiduara kinaeleza habari za jiwe. Maji lazima yapimwe yenyewe."

"Hilo ungelisema kwenye simu."

Nilipojaza chupa maji ya kisima, aliichukua mkononi mwangu. "Utabadilisha njiani."

Kesho yake tulisafiri pamoja hadi Dodoma, chupa ameifunga ndani ya khanga. Hakuniachia hata wakati wa kushuka. Yeye mwenyewe alimkabidhi mpimaji wa maji, akakaa kwa ndugu yake kusubiri.

Majibu yalipotoka, maji yalikuwa salama. Bi Salima alisoma karatasi mara tatu, kisha akasema, "Sasa twende ukawaambie wewe."

Nikarudi naye Mgori, nikasema mbele ya wote kwamba maji ni salama. Bi Salima alinichotea kikombe, nikanywa, wakanitazama mpaka tone la mwisho. Neema ndiye aliyetangulia kuweka ndoo.

Nimejifunza kwamba anayejua nusu ya jambo aanze kwa kutaja ile nusu asiyoijua.