Mizunguko Kumi na Nne ya Fundi Hezekiah

Simpendi Hezekiah Theuri, na mtu asije akaniambia eti nimeanza kumpenda kwa kuwa leo nasimulia habari zake. Nimemjua zaidi ya miaka ishirini na hajawahi hata siku moja kuniuliza kama watoto wangu hawajambo. Ukifika gereji yake pale Gatitu, nje kidogo ya mji wa Nyeri, ukamwamkia, kwanza anaangalia magurudumu ya gari lako, kisha anakutazama wewe kana kwamba ndiye uliyeichimba barabara mashimo. Mdomo wake ni mchafu kuliko ovaroli yake. Halafu Jumapili huyo, tai shingoni, anapitisha kikapu cha sadaka, mzee wa kanisa na heshima zake zote!

Ufundi aliupata kwa mzungu mmoja aliyekuwa na shamba la ngano upande wa Naro Moru. Uhuru ulipokuja mzungu akauza shamba akaenda zake, na Hezekiah akateremka Gatitu na sanduku moja la spana. Akachimba shimo la kushukia chini ya magari, akaezeka mabati juu yake, basi, gereji hiyo. Kibao hakuweka. Alisema gari mbovu inajua njia.

Ukimwambia steringi inacheza, hakuambii njoo kesho wala keti hapo ungoje. Anakuamuru ulale chini ya gari. Wewe mwenyewe, hata kama umevaa suti. Nilimwona mwalimu mkuu mmoja wa shule ya Wamagana amelala chali kwenye oili, miwani imemteleza mpaka kwenye paji la uso, Hezekiah amesimama juu yake.

"Weka kidole hapa," anasema, kisha anatikisa gurudumu. Na kidole chako mwenyewe kinasikia kichwa cha tairodi kikigonga. Tairodi ni ile fito ya chuma inayoyashikanisha magurudumu mawili ya mbele ili yageuke pamoja. Kila upande ina kichwa chenye gololi, na gololi hiyo inacheza ndani ya kikombe cha grisi. Mpira wa kuifunika ukipasuka, vumbi linaingia, grisi inakauka, gololi inalika.

"Umesikia?"

"Nimesikia, fundi."

"Sasa hiyo ikichomoka ukiteremka Gakindu, gurudumu moja itaenda kwa kahawa ya watu na ingine itaenda kwa mto. Wewe utafuata gani?"

Ndivyo anavyozungumza na watu wazima.

Lakini kiburi chake hasa kilikuwa hesabu. Kichwa cha tairodi kinaingia kwenye fito kwa nyuzi za skrubu. Ukikitoa cha zamani, unahesabu mizunguko mpaka kitoke, na kipya unakiingiza kwa mizunguko ile ile. Ukikosea hata mmoja, magurudumu hayatazami mbele sawasawa, na tairi zinalika upande kama sabuni. Hezekiah alikuwa akiandika hesabu yake kwa rangi nyeupe kwenye fremu ya gari, kisha anapaka rangi hiyo hiyo juu ya nati za kibano kinachokaza kichwa hicho, ili mtu akifungua nyuma yake ijulikane. "Mafundi ya town inakisia," alikuwa akisema. "Mimi nahesabu." Na kweli, sikuwahi kusikia gari lililorudi kwake kwa kosa hilo.

Basi ule mwaka wa 1976, kahawa ilipopanda bei mpaka watu wakang'oa migomba kupanda miche, mimi nilikuwa dereva wa lori la chama cha wakulima huko Gakindu. Wiki moja chama kilinunua tairi mbili mpya za mbele. Nazo zilikuwa bado na zile nywele za mpira pembeni, steringi ikaanza kutetemeka mikononi mwangu. Nikampelekea Hezekiah.

"Wewe Sulemani unakunywa chai mara ngapi kwa siku?" akaniuliza kabla sijazima injini.

"Mara mbili, tatu. Kwa nini?"

"Na hii ulipea grisi lini?"

Nikamwambia nina haraka, magunia yananingoja, hayo matusi aniwekee siku nyingine. Akasema kama nina haraka nishuke shimoni nifungue kichwa cha zamani mwenyewe, yeye asafishe kipya. Nikashuka. Alichomoa pini, akagonga mkono wa steringi kwa nyundo mbili mpaka kichwa kikaachia, halafu akaniachia mimi kukizungusha. Nilihesabu kwa makini, maana nilijua nikikosea nitakiona cha mtema kuni. Mizunguko kumi na nne.

"Una hakika?"

"Kumi na nne, fundi. Mimi si mtoto."

Akaandika 14 kwenye fremu. Akashuka yeye, akaingiza kichwa kipya, midomo inacheza kimya kimya. Alipomaliza alitaka kufunga kamba kutoka gurudumu la nyuma mpaka la mbele kuhakikisha yamenyooka, kama desturi yake. Nikamwambia, "Kamba ya nini tena? Si umehesabu?" Aliitupa ile kamba chini. "Haya, enda." Hapo, wallahi, nilikosea, na nimelisema.

Hazikupita wiki sita. Asubuhi moja nikazunguka mbele ya lori, nikaona tairi zimelika upande, laini kama paji la uso wangu. Kabla sijampelekea fundi, mwenyekiti wa chama, Peterson Wahome, naye alikuwa ameshaziona.

"Tairi yetu mpya iko wapi?"

"Ndizo hizi, mwenyekiti."

"Hizi? Ati hizi?" Akazipiga teke. "Umeuza mpya huko town ukatuwekea takataka. Nyinyi watu wa Majengo tunawajua."

Watu wa Majengo, yaani sisi Waswahili wa mjini! Nimezaliwa Nyeri, baba yangu kazikwa Nyeri, na Kikuyu nakisema vizuri kuliko wanawe wanaosoma Nairobi. Nilitamani kumrukia. Lakini nilijua kilicho mbele yangu. Nikiitwa mwizi wa tairi Gakindu, hakuna mtu toka Mukurweini mpaka Nyeri atakayenipa tena ufunguo wa gari lake, na kazi nyingine sijui. Peterson alisema Alhamisi ananipeleka polisi. Nikamwambia kabla ya polisi amlete fundi.

Hezekiah akaletwa Alhamisi, mbele ya fakitori ya kahawa, wanakamati wamesimama na wakulima waliokuja kupima wamejipanga nyuma yao kutazama. Hakunisalimu. Alichuchumaa akapitisha kiganja juu ya tairi, kwenda na kurudi.

"Hii imelika kwa kuvutwa," akasema. "Tairodi haiko sawa."

Nikataka kumkumbatia, Mungu anisamehe.

"Lakini kwangu ilitoka sawa," akaendelea. "Nilihesabu. Kama haiko sawa, huyu amefungua. Ama tairi zililika kwa gari ingine."

"Mnasikia?" Peterson akawageukia watu. "Fundi amesema!"

"Fundi amesema upuuzi!" Sauti ilinitoka mpaka wanawake kwenye foleni wakashtuka. "Nenda chini utazame rangi yako kwenye nati! Imepasuka? Sema!"

Alilala chini, akatazama. "Haijapasuka," akasema, na nilisikia lilivyomwuma kulisema.

"Basi fungua. Hapa hapa, uhesabu mbele ya watu."

"Mimi nitahesabu mbele ya nani? Nilikuwa nahesabu wewe ukiwa unanyonya!"

"Fungua, Hezekiah," Peterson akamwambia, maana alikuwa na hakika nitaaibika. "Na Wacera ahesabu pia."

Wacera alikuwa karani wa chama, binti asiyecheka, aliyekuwa akipima kahawa ya babake mzazi kwa ukali ule ule anaopimia ya wengine. Akachuchumaa kando ya gurudumu. Hezekiah akazungusha, midomo ikicheza, mpaka kichwa kikatoka mkononi mwake.

"Kumi na nne," akasema. Akanitazama kwa dharau. "Umeona?"

"Kumi na tatu," akasema Wacera.

"Kumi na nne, msichana."

"Kumi na tatu, baba."

Watu wakaanza kunong'ona. Peterson akasema kirudishwe ndani, kisha kitolewe tena, safari hii kwa sauti, na kwa Kiswahili ili Sulemani asiseme tumemficha kitu, kana kwamba Kikuyu sikisikii. Hezekiah akakirudisha kama kilivyokuwa, shingo imemvimba kwa hasira, akaanza kukitoa na kuhesabu kwa kelele kama anayefukuza ng'ombe.

"Moja! Mbili! Tatu! Nne! Tano! Sita! Nane! Tisa..."

Wacera akainua kichwa. "Baba, rudia kidogo."

"Rudia nini?"

"Kuanzia nne."

"Nne, tano, sita, nane..." Spana ilibaki hewani.

Nilitegemea watu wataangua kicheko. Hakuna aliyecheka. Kila aliyekulia huku anajua kwamba saba ni nambari ambayo wazee hawakuitaka. Watu saba hawakuanza safari pamoja, na mganga akipiga ramli, mbegu saba zikimwangukia, hazikuwa habari njema. Lakini hao ni wazee wa zamani. Huyu alikuwa mzee wa kanisa, aliyesimama mimbarini kuwakemea watu waache mambo ya giza.

"Mama alitufundisha hivyo," akasema polepole, hamwambii mtu. "Tukihesabu mbuzi. Unaruka hiyo. Nilijua niliacha. Haki ya Mungu, nilijua niliacha kitambo."

Nikaelewa yote mara moja. Miaka yote hiyo alikuwa akitoa mwenyewe na kuingiza mwenyewe. Akiruka wakati wa kutoa, akaruka wakati wa kuingiza, mambo yakatoka sawa. Siku ile niliyotoa mimi, nilihesabu na saba pia. Yeye alipoingiza akairuka, na kumi na nne yake ikawa kumi na tatu. Na kamba ambayo ingetuonyesha, mimi ndiye niliyeikataa.

Nilifurahi, sifichi. Nilifurahi mpaka machozi yakanilengalenga. Halafu nikamwona anafuta spana kwa kitambaa, anafuta tena, haitaki kuwa safi, na baadhi ya wakulima waliokuwa wakimpa mkono kanisani wameinamisha macho. Nikamhurumia, na kumhurumia huko kukaniudhi zaidi kuliko matusi yake yote.

"Haya," akasema Peterson, akitazama saa. "Fundi, rekebisha. Sulemani, ukimaliza upakie magunia. Watu warudi kazini."

"Hivyo tu?" nikauliza. "Uliniita mwizi mbele ya hawa."

"Si yameisha? Nimesema upakie."

Akageuka aende ofisini. Watu nao wakaanza kutawanyika, na nilijua jioni ile kule vijijini wangekumbuka teke alilopiga tairi na neno alilonitupia, si mizunguko ya fundi.

"Wahome!"

Alikuwa Hezekiah, ameshalala tena chini ya lori. Tuliona buti zake tu.

"Mimi nimeaibika mbele ya watu. Nimekubali. Sasa wewe mwambie huyu mtu."

Peterson akasimama. Akakuna shingo. "Sulemani si mwizi," akasema, kama mtu anayetema mbegu.

"Sauti!" akafoka Hezekiah kutoka chini. "Wale wako kwa mizani hawajasikia!"

Peterson akageuka, akawatazama wale waliokuwa kwenye mizani, akapaza sauti.

"Sulemani si mwizi!"

Hezekiah alipomaliza, na kamba akaifunga safari hii, alikusanya spana zake akaondoka bila kuniaga. Mimi nikapanda kwenye lori, nikatoa ufunguo, nikajaribu mara tatu kuutia mahali pake. Ilibidi nimwite Wacera aniwashie.