Sekunde Mbili za Winchi ya Kharumwa

Siku yangu ya kwanza kazini nilikaa tangu asubuhi bila kupewa kazi, na mimi kukaa bure kunanitesa. Karakana yetu ilikuwa Kahama, upande wa kwenda Buzwagi. Tulitengeneza vidhibiti, yaani visanduku vyenye chipu ndani vinavyoamuru mashine iwake lini na izime lini. Saa tano uvumilivu ukanishinda, nikamfuata Mhandisi Mkuu. Akanitazama juu ya miwani.

"Binti, wewe ni wa saketi au wa programu?"

"Wa programu, mzee."

Akanionyesha chumba cha kushoto. Watu wa saketi walikaa cha kulia.

Hivyo ndivyo tulivyofanya kazi, na ninyi vijana mtacheka. Wa kulia walichora saketi, wakaiunganisha, wakatuletea ikiwa imekamilika. Ndipo sisi tukaandika programu ya kuiendesha. Kifaa kikigoma, wao walisema programu mbovu, sisi tukasema wameunguza kitu. Mwenzangu wa upande ule alikuwa Jayesh, ambaye baba yake alikuwa na duka la vipuri pale mjini. Alikuwa na mikono ya dhahabu na mdomo mkali, na nilikuwa simwachii neno.

Nilipelekwa Geita kwenye mitambo ya kuchenjulia dhahabu, kisha Shinyanga kwenye pampu za maji. Kila mahali niliomba uhamisho kabla sijazoea kitanda. Niliporudi Kahama, Meneja wa Miradi alituita mimi na Jayesh.

"Kuna duara Kharumwa, shimo la wachimbaji wadogo wa dhahabu, na watu wanashushwa kwa kamba inayovutwa kwa mikono. Wapeni winchi yenye akili. Nataka haraka."

Kwangu neno haraka lilikuwa tamu. Breki ya winchi ile ilishika yenyewe kwa springi; relei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme, ndiyo iliyoiachia. Relei ilipokea amri kutoka pini moja, mguu mwembamba wa chipu. Programu yangu ilianza kwa kuandika "Karibu" kwenye kioo, kwa madoido ya sekunde mbili, kisha ndipo ikaiambia pini ile itulie. Kwa sekunde mbili hizo pini haikuwa na bwana. Kila tulipowasha pale karakana, breki ililia tik, ikaachia, kisha ikashika. Niliusikia mlio ule. Nikajisemea hilo ni la Jayesh. Baadaye alikiri kwamba naye aliusikia, akajisemea ni la programu.

Karakana ilikuwa na umeme uliotulia. Kule Kharumwa winchi ilitumia jenereta moja na karasha, mashine ya kuvunja mawe, na karasha ilipowashwa umeme ulishuka kidogo. Siku ya nne ya winchi nilikuwa nimesimama kwenye mdomo wa duara, Masanja, mchimbaji kutoka Kishapu, akiwa anashuka. Karasha ikanguruma. Chipu ikazimika, ikaamka, ikaanza kuandika "Karibu". Kamba ikatiririka. Breki iliposhika tena, Masanja alikuwa amejigonga ukutani na mguu umevunjika sehemu mbili.

Walipomtoa, mwenye duara alitikisa kichwa. "Si alikataa dawa?"

Wenzake wote walikuwa wamepakwa dawa ya mganga kabla ya winchi kuanza kazi. Masanja alikuwa mtu wa kanisa, akakataa. Wakakubaliana palepale kwamba ameleta nuksi na asishuke tena duara lolote la jirani. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuelewa, nikanyamaza. Niliogopa watu wale, na niliogopea kazi yangu zaidi.

Tuliporudi Kahama tukampa habari, Mhandisi Mkuu hakupiga kelele. Aliweka meza moja kwenye korido, katikati ya vyumba viwili. "Mtachora hapa, pamoja. Kabla hamjaandika mstari mmoja, kabla hamjachoma waya mmoja, mniambie kila pini inaamuru nini wakati chipu imelala." Jayesh akaweka rizista, kipande kidogo cha kuibana pini izime hata chipu ikiwa imelala, nami nikahamishia amri ya breki kwenye mstari wa kwanza. Tangu hapo sikuandika programu bila mtu wa saketi pembeni yangu, tukigombana kabla ya kosa badala ya baada yake. Ripoti ilisema hitilafu imerekebishwa. Jina la Masanja halikuwamo.

Sasa nimestaafu na siwezi kutulia. Nafungua redio zisizo na shida, na mkwe wangu ananificha bisibisi. Mwezi uliopita nilipanda basi hadi Kishapu.

Nilimkuta Masanja zizini, akichechemea.

"Mwangaluka, mayu," alinisalimu kwa Kisukuma, nami nikaitikia kwa lugha hiyo hiyo. Hakunitambua mpaka nilipojitaja. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama: pini, sekunde mbili, mlio niliousikia.

Alishika mti wa zizi. "Kwa hiyo haikuwa dawa?"

"Haikuwa dawa."

"Watoto wangu wamekua wakiitwa watoto wa nuksi, mama. Na mimi nilianza kuamini."

Akamwita mkewe, akamwita na mama yake mzazi, bibi asiyesikia Kiswahili, wakaja wakakaa.

"Sema tena," aliniambia. "Kwa Kisukuma."

Kazi yangu yote niliifanya kwa Kiswahili na Kiingereza. Nilitafuta neno la pini, la chipu, la rizista, sikupata hata moja. Nikapiga magoti mbele ya yule bibi, nikamwambia kwa lugha ya mama yangu: mwanao hakukosea, ni sisi tuliomwachia kamba.