Siku Niliyojitolea Kuhojiwa Mbele ya Baba Mkwe

Jamani, hii nawasimulia mwenyewe kwa sababu najua mmeshaisikia kwa watu, na wameiongezea chumvi mpaka eti nilizimia. Sikuzimia. Nililia, tena mbele ya baba mkwe, na kwa Mkurya ambaye jandoni hakupepesa hata jicho, ingekuwa nafuu kuzimia.

Alikuja daktari wa afya ya akili huku Nyansurura na utafiti wake, Daktari Neema, mtu wa Dodoma. Alitafuta watu ambao bongo zao zinafanya kazi tofauti na za wengine, wenye usonji, wasioweza kutulia, wanaosahau jambo wakiwa katikati ya kulifanya, awaulize mioyo yao inaendeleaje na nini kinawasaidia kusimama maisha yanapowaelemea. Mimi nikapata kazi ya kutafsiri, maana wazee wetu wengi Kiswahili wanakisikia kwa mbali. Mkutano wa kuwaeleza wananchi ukaitwa ofisi ya kijiji, watu wakajaa. Mke wangu Ghati alikuwepo, na mstari wa mbele kabisa, na fimbo yake, Mzee Nyamhanga, baba yake Ghati.

Sasa watu kusikia neno "akili" tu, wakanuna. Mwanamume mmoja nyuma akauliza, "Kwa hiyo mnatafuta vichaa?" Daktari akaeleza, nikatafsiri, wapi! Hapo ndipo nikafanya uamuzi wangu mdogo (mdogo kweli, kama wa kuchagua chai ya rangi au ya maziwa), nikamwambia, "Daktari, niulize mimi, waone kwamba maswali yenyewe hayaumi."

Akasita. "Marwa, haya huwa tunaulizana faraghani."

"Mimi mzima, daktari. Tutacheka tu."

"Basi yale mepesi," akasema.

Akauliza kama huwa naanza kazi nikaiacha njiani. Kabla sijajibu, Ghati huko alipo akapaza sauti, "Nyumba yetu ina kuta tatu!" Watu wakaangua kicheko, na mimi nikacheka. Akauliza kama huwa nasahau mambo ya maana. Nikafungua mdomo, nikasikia fimbo ikigonga sakafu. Mzee Nyamhanga amesimama.

"Mimi aliniacha sheli!"

(Kwa msiojua: nilikuwa nampeleka mzee hospitali Mugumu kwa pikipiki, tukasimama kujaza mafuta, yeye akashuka, mimi nikalipa, nikaondoka. Nafika getini nasema, "Baba, tumefika, shuka taratibu," kimya. Nageuka, hakuna mtu.)

Watu walicheka mpaka wengine wakatoka nje kuvuta pumzi. Na mimi nacheka, kipaza sauti mkononi, halafu Daktari, nadhani alitaka kuniokoa, akauliza kwa upole, "Na wakikucheka hivi, wewe ndani unajisikiaje?"

Jibu la utani nilikuwa nalo, naapa lilikuwepo kwenye ulimi. Lakini ikatoka sauti nisiyoijua, ikasema, "Kuna siku natamani nisingezaliwa." Na kwa kuwa nilishaizoea kazi, nikaitafsiri mwenyewe kwa Kikurya.

Aliyeshtuka kuliko wote ni mimi, nikawa nakitazama kile kipaza sauti kana kwamba ndicho kilichosema. Halafu machozi, na kamasi, na kwikwi, na spika ikazipeleka kwikwi zangu zote mpaka kwenye mashine ya kusaga ng'ambo ya barabara. Daktari akasema, "Tuishie hapo, samahani sana," akaninyooshea mkono, mimi huyo, nikakimbia, nikaona mlango, nikaingia na kuubamiza.

Haukuwa mlango wa kutokea. Ilikuwa stoo ya kijiji, imejaa saruji na mabati, kitasa kwa ndani hakuna, na ufunguo alikuwa nao mtendaji, na mtendaji alikuwa Mugumu.

Basi mkutano mzima ukahamia mlangoni kwangu. Nikamsikia Ghati analia. "Baba Bhoke, kwa nini hukuniambia? Mimi nilidhani nyumba huitaki." Kisha nikasikia fimbo.

"Mura," mzee akaniita, yaani kijana.

"Naam, baba. Shikamoo." (Hata stoo mkwe anaamkiwa.)

"Siku ile ya sheli. Hukunidharau?"

"Hapana, baba. Nilijua uko nyuma yangu."

Fimbo ikagonga mlango. "Mimi nilisema huyu mtu ananiona takataka. Nilishakubaliana na kaka zake Ghati, baada ya mavuno tunakuja kumchukua binti yetu."

"Baba!" Ghati akapiga ukelele, na hapo nikajua hata yeye alikuwa hajui. Nikajibwaga juu ya mfuko wa saruji, ukapasuka.

Mlango waliuvunja kwa sururu. Nikatoka mweupe kama mzimu, machozi na saruji vimeanza kugandamana usoni, na hakuna aliyecheka, jambo lililonitisha zaidi. Mzee hakunikumbatia, sisi na wakwe hatukumbatiani, ila alivua koti lake, lile la kuendea kanisani, akanipa nijifutie.

Daktari Neema aliniomba radhi, akasema hakupaswa kunikubalia na kwamba niliyoyasema hayataingia kwenye utafiti wake. Akanipeleka kwa muuguzi mmoja Mugumu ambaye hadi leo naenda kuongea naye, na Ghati huwa tunakwenda wote. Kaka zake hawakuja baada ya mavuno. Walikuja kabla, na matofali.

Na yule bwana aliyeulizia vichaa? Tulikutana mnadani, akanivuta pembeni nyuma ya mbuzi, akaangalia huku na huku. "Yule daktari akirudi, utaniambia? Nina ndugu yangu." Macho yake yalikuwa mekundu. Sikumuuliza ndugu gani.

Lakini kujitolea kuwa mfano mbele za watu, nimekoma. Mtu asijitape kwamba maswali hayaumi kabla hajaulizwa. Daktari akirudi nitamtafsiria watu wote wa Nyansurura, ila mimi mwenyewe aniulize chini ya mti wa mbali, na baba mkwe awe safarini.