Jina la Kumi na Mbili

Wanafunzi walimpachika jina la Milimita, na alilijua. Kwa miaka kumi na sita alilisikia likinong'onwa kwenye korido akajifanya hasikii, ila moyoni lilimpendeza kuliko cheo chochote alichowahi kupewa kwa barua. Alikuwa mhadhiri wa upimaji ardhi, mwanamke mfupi mwenye kofia pana ya jua ambayo hakuivua hata kwenye vikao. Ukimletea kazi yenye kosa dogo tu, angekutazama kama mtu uliyemkanyaga kidole, halafu angekwambia kwa upole kabisa, "Rudi ukapime." Hapakuwa na mjadala.

Sasa niseme ukweli, maana watu wa kazi hii hawajui kujisemea. Ukitaja upimaji ardhi mbele ya vijana, nusu yao hawajui ni kitu gani, na nusu nyingine wanadhani ni yule mtu anayekuja na kamba kugombanisha majirani. Hakuna mtoto anayelala akiota kusimama juani nyuma ya chombo cha miguu mitatu. Wanaota udaktari, sheria, kompyuta. Lakini kiwanja cha nyumba wanamolala kilianza na mtu aliyesimama juani namna hiyo akasema mpaka ni hapa. Hilo hawalioni, na mimi siwalaumu. Kazi hii ikifanywa vizuri haionekani kabisa. Ikiharibika ndipo mtaa mzima unajua.

Basi darasa la Milimita likawa linapungua mwaka hadi mwaka. Alipoanza kufundisha viti havikutosha. Mwaka huu waliokuwa wanamaliza walikuwa saba, na wawili kati yao walikuja tu kwa sababu kozi waliyoitaka ilijaa. Ndipo mkuu wa kitivo, bwana mmoja mpole anayependa kuongea huku akipanga kalamu zake mezani, akamwita ofisini.

"Dada yangu, sitazunguka," akamwambia. "Wakubwa wamechoka. Orodha ya safari hii ikiwa chini ya watu kumi na wawili, kozi inasimamishwa. Na unajua mwenyewe, hapa kitu kikisimamishwa, kurudi ni kazi."

"Kumi na wawili tu?"

"Kumi na wawili tu. Watafute."

Milimita akajifunga kibwebwe. Akaomba gari la chuo, akapakia vifaa, akamchukua na mtunza vifaa, mzee wa stoo ambaye hubeba vyombo vile kwa mikono miwili kama anabeba mayai, wakaanza kuzunguka shule za sekondari. Shule ya kwanza alizungumza saa nzima juu ya satelaiti na ramani na miji ya kesho. Wanafunzi walisinzia kwa adabu. Shule ya pili alifupisha hotuba, wakasinzia muda mfupi zaidi. Majina aliyorudi nayo yalikuwa matatu.

Shule ya tatu hakuhutubia. Aliwatoa nje wanafunzi arobaini wa mwaka wa mwisho, akawagawia kazi: huyu asome chombo, yule aandike, mwingine ashike ile fito ndefu yenye namba. Wangeanzia kwenye jiwe la zege chini ya nguzo ya bendera, wapime kupanda na kushuka kwa ardhi kuizunguka shule nzima, nyuma ya jiko, kando ya vyoo, mpaka warudi kwenye jiwe lile lile.

"Mkipanda na kushuka kote huko halafu mkarudi mlipoanza," akawauliza, "jumla yake lazima iwe ngapi?"

"Sifuri!"

"Sifuri. Ongezeni milimita mbili tatu, kwa kuwa sisi ni binadamu."

Ilitoka sentimita kumi na saba.

Mwalimu mkuu, aliyekuwa ameletewa kiti kivulini, akakohoa kuficha kicheko. Mzee wa stoo akasogea karibu. "Mwalimu, andika sifuri twende zetu," akanong'ona. "Nani atajua?" Na kweli, nani angejua? Milimita alihisi masikio yakimuwaka. Alikuwa amekuja kunadi kazi yake, na kazi ilikuwa inamwaibisha mchana kweupe. Aliitazama karatasi, akawatazama watoto waliokuwa wameanza kugusana viwiko, akaona hawezi. Hakuwa jasiri, mkono wenyewe ulikataa kuandika.

"Tumekosea," akasema kwa sauti. "Na sentimita kumi na saba si makosa ya macho. Hicho ni kitu. Mahali fulani katika shule hii kuna kitu chenye kimo cha sentimita kumi na saba, na mmoja wetu amekipanda. Kitafuteni."

Kengele ya mapumziko ikalia. Wengi wakaenda zao, tena mbio. Waliobaki, kama tisa hivi, wakatawanyika na rula zao za darasani. Walipima matofali, mizizi, ndoo iliyopinduliwa. Mwishowe msichana mmoja akapiga kelele kutoka barazani: ngazi ya baraza, kumi na saba kamili! Macho yote yakamgeukia kijana mrefu aliyekuwa ameshika fito.

Kijana akajikuna kichwa. "Jua lilikuwa kali, mwalimu. Mlipokuwa mnahamisha chombo nikapanda hapo kidogo, kwenye kivuli. Nikasahau kurudi chini pale fito ilipokuwa imesimama."

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Lakini Milimita aliona kitu kingine nyuso zao zilipotulia. Yule kijana hakuonwa na mtu, ila namba zilimwona, na hilo liliwaingia. Watano kati ya wale tisa waliomba kozi, akiwemo mrefu mwenyewe. Shule zilizofuata, nisimfiche, kosa alikuwa akiliweka kwa makusudi. Mzee wa stoo ndiye aliyekuwa akipanda ngazi, na akawa mwigizaji hodari kweli.

Hivyo ndivyo alivyofikisha kumi na mmoja. Akakwama hapo. Siku zikaenda, dirisha la kuchagua kozi likawa linakaribia kufungwa, Ijumaa saa kumi jioni, na kumi na moja ikabaki kumi na moja.

Nyumbani Milimita aliishi na binti wa kaka yake. Kaka alifariki mtoto akiwa na miaka kumi, mama yake alikuwa ametangulia zamani, na mtoto akaletwa na begi moja la shule lililojaa nguo badala ya madaftari. Miaka tisa sasa. Milimita hakuwa na mtoto mwingine wala mume, na hakuwa mtu wa maneno matamu. Alimlea yule mtoto kama alivyofanya kila kitu, kwa uangalifu na bila kelele. Binti alimwita Shangazi, akamtii, akafaulu shule. Alikuwa na kituko kimoja: makaratasi yale ya maelezo yanayokunjwa ndani ya boksi za dawa, ambayo wewe na mimi tunayatupa, yeye aliyasoma mpaka mwisho, tena mezani, huku anakula. Siku moja alimpokonya shangazi yake vidonge vya mafua mkononi, akamwambia haviendi na vile vyake vya presha. Daktari alipoulizwa akasema mtoto yuko sahihi. Chaguo lake la kwanza lilikuwa ufamasia, na hakuna aliyeshangaa.

Alhamisi asubuhi ofisi ya udahili ikampa Milimita orodha mpya. Akahesabu. Kumi na mbili! Akahesabu tena kuanzia chini, kama ilivyo desturi yake. Kumi na mbili. Alitaka kumkumbatia karani wa watu. Ndipo akasoma jina la mwisho, na lilikuwa la binti anayelala chumba cha pili nyumbani kwake.

Aliikunja karatasi akaitia kwenye mkoba.

Siku ile alifundisha, akasahihisha, akarudi nyumbani, wakala pamoja, binti akamuuliza habari za kazi, akajibu nzuri. Kichwani alikuwa akipanga hoja kama wakili. Mtoto ana hesabu nzuri. Kazi za upimaji zipo, wapimaji ndio hawapo. Watu wangapi walianza na kozi moja wakaja kuipenda nyingine? Na amechagua mwenyewe, hakuna aliyemshika mkono. Zote zilikuwa hoja nzuri, na aliziona zilivyo nzuri, na hilo ndilo lililomkosesha raha. Mtu mwenye haki hahitaji hoja nyingi kiasi kile.

Ijumaa hakuwa na kipindi mchana. Alirudi nyumbani saa nane, akamkuta mtoto wa jirani anatoka mlangoni na rundo la vitabu vya kemia, amevikumbatia mpaka kidevuni.

"Unampa vyote?" akamuuliza binti.

"Sitavihitaji, Shangazi." Alisema akitabasamu, akageuka haraka kwenda kukunja nguo ambazo tayari zilikuwa zimekunjwa.

Milimita akakaa kwenye kiti cha karibu, kofia ikiwa kichwani. Saa ya ukutani ilionyesha saa nane na robo.

"Jina lako nimeliona," akasema.

Binti akasimama na shati mkononi. "Nilitaka ulikute mwenyewe ofisini. Ulifurahi?"

"Nililiona jana asubuhi."

"Jana? Mbona hukuniambia?"

Kuna majibu mengi ambayo mtu mzima anaweza kumpa mtoto hapo akaponea. Nilikuwa na kazi. Nilitaka kukushtukiza. Milimita aliyajaribu yote kimoyomoyo, akaona aibu.

"Nilikuwa nasubiri saa kumi ipite," akasema.

Ilimchukua binti muda kuelewa. Alipoelewa hakukasirika, na heri angekasirika. Alikaa chini sakafuni akaliweka shati magotini.

"Si jina moja tu, Shangazi? Umenilea miaka tisa. Kazi yako ndiyo maisha yako, mimi naona. Kuna siku unarudi hapa huwezi hata kula. Mimi nitajifunza. Nitazoea."

"Utazoea, ndiyo. Wewe ungezoea hata kuvunja mawe. Ndiyo maana naogopa."

"Kwa hiyo hukutaka?"

"Nilitaka!" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Nilitaka sana. Jana usiku wote nilitaka, na hata sasa nataka. Ndiyo maana tunaondoka dakika hii kabla sijatulia. Vaa viatu."

Walipita kwanza kwa jirani. Milimita mwenyewe ndiye aliyeomba vitabu vya kemia virudi, akijiumauma, na mama wa yule mtoto akavirudisha akimtazama kama mtu aliyechanganyikiwa. Kisha wakaenda kwenye duka la kompyuta la pale kona. Mashine ilikuwa ya polepole, mtandao ukakatika mara mbili, mwenye duka akawa anaipiga kwa kiganja ubavuni. Binti alipofika penye kubonyeza akageuka kumwangalia shangazi yake. Milimita alikuwa ameshika mgongo wa kiti kwa mikono yote miwili. "Bonyeza," akasema. Saa tisa na dakika arobaini, chaguo la kwanza likarudi kuwa ufamasia.

Jumatatu kikao kilikuwa na watu tisa na chupa za maji. Mkuu wa kitivo alifungua faili lake, akamwangalia Milimita kwa matumaini, maana kwa kweli alikuwa upande wake.

"Upimaji ardhi. Mna wangapi?"

"Kumi na mmoja."

Mkuu akashika karatasi. "Mimi nilionyeshwa orodha ya kumi na wawili."

"Ilikuwepo. Mmoja hakuwa wetu."

"Hebu tusaidiane hapa, dada yangu. Hakuwa wenu kivipi? Aliomba au hakuomba?"

"Aliomba. Nikamtoa."

Mjumbe mmoja akaacha kufungua chupa yake. Mkuu alimtazama kwa muda mrefu, akasubiri aongeze neno, sababu, ombi, chochote cha kukamatia. Mwishowe akaandika. Kozi ikasimamishwa kwa mwaka mmoja, na kila aliyekuwa mle ndani alijua mwaka mmoja wa vikao una urefu gani. Milimita angefundisha hesabu kwa wanafunzi wa uhandisi. Wale kumi na mmoja wangepewa kozi nyingine, na kabla ya barua kutoka aliomba apewe ruhusa ya kuwapigia simu mwenyewe.

Alipofika nyumbani binti alikuwa amesimama mlangoni. Hakuuliza, uso wa shangazi ulimtosha. Akaanza kulia.

"Una hasira na mimi?" akauliza.

Milimita alilifikiria swali, kwa sababu hakuzoea kujibu kwa makisio. "Nina hasira," akasema. "Na wewe ni kidogo sana. Kesho itakuwa imeisha. Nyingine sijui ni ya nani."

Akakaa mezani na simu na orodha. Wa kwanza alimwelewa. Wa pili aliuliza kama ni kwa sababu ya alama zake. Wa tatu alikuwa mama wa mwanafunzi, akashukuru kwa heshima iliyoumiza kuliko matusi. Wa nne alikuwa yule kijana mrefu, akasema, "Lakini mimi nimeshanunua kofia, mwalimu," na Milimita akajibu vizuri, akamtakia heri, akakata, akaiweka simu mezani. Sauti ilikuwa imemwishia. Aliinuka akaenda jikoni, akafungua bomba, akaanza kuosha vikombe visivyokuwa vichafu.

Binti akavuta kiti. Akaichukua simu, akapangusa uso kwa kiganja, akaweka kidole kwenye jina la tano, akapiga.

"Habari za saa hizi? Napiga kuhusu kozi ya upimaji ardhi." Akasikiliza. "Hapana, mimi si wa ofisini. Mhadhiri hawezi kuongea sasa hivi."

Upande wa pili waliuliza kitu. Jikoni Milimita akafunga bomba ili asikie.

"Mimi?" akasema binti. "Mimi ni mtoto wake. Huyo ni mama yangu."