Darubini Iliyopona Mjini

Kwetu Uluguru tunafuata ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye sauti juu ya ardhi, posa na ugomvi. Baba anaheshimiwa na kulishwa vizuri, lakini jambo likiwa zito anaitwa mjomba. Mjomba wangu alikuwa na sifa moja zaidi. Alikuwa na bunduki yenye kibali, ya pekee kuanzia kijijini kwetu mpaka karibu na Mkuyuni, na jicho lililoendana nayo. Nguruwe pori wakishuka kwenye mahindi, aliitwa yeye.

Mjomba ni Mwislamu wa swala tano, kwa hiyo alichokiua hakukigusa. Majirani zetu Wakatoliki wa upande wa Matombo walikuja na visu na matenga yao, wakachukua nyama, wakamwombea heri kwa Bikira Maria, naye akaitikia amina bila kuchimba sana. Ule umoja wa dini ambao watu hulipiwa posho kwenda kuusemea hotelini, kwetu ulisimamiwa na nguruwe.

Basi mwaka mmoja mjomba alishuka Morogoro mjini kununua dawa ya nyanya, akarudi na darubini ya bunduki. Dawa ya nyanya alisahau. Mwenye duka alimwambia kwamba siku hizi hakuna anayelenga kwa jicho tupu, ni ushamba, na mjomba ukitaka kumtoa kwenye jambo lolote la busara mwambie ni ushamba. Mavuno yake ya pilipili manga yote yakaishia pale. Mle ndani ya kioo mlikuwa na alama ya msalaba wa kulengea, naye aliuliza kama hawana yenye mwezi mwandamo. Aliambiwa hizo bado hazijaingia nchini.

Boksi lake nililisoma mimi mwenyewe. Lilijisifu kwa Kiingereza na Kichina kwamba darubini haiingii maji, haiingii vumbi, haiingii ukungu. Fundi aliyeifunga juu ya bunduki alikata kile kidole cha kulengea cha zamani ili ikae vizuri. Kwa hiyo tangu siku hiyo bunduki ilikuwa na jicho moja tu, la dukani.

Asubuhi ya kwanza nguruwe waliposhuka, mjomba alilala kifudifudi kwenye ukingo wa shamba, akaweka jicho, akaona maziwa. Nje ukungu ulikuwa wa kawaida yetu, nguruwe wanaonekana. Ukungu uliomshinda ulikuwa ndani ya kioo. Alikifuta kwa kanzu, akakifuta kwa kilemba, kikabaki kama dirisha la jiko ambamo maharage yamechemka tangu alfajiri. Akapiga pale alipokumbuka kwamba nguruwe alikuwepo. Risasi ilipasua mpapai wa jirani. Nguruwe walimaliza mstari waliouanza, ndipo wakaondoka.

Ikawa hivyo kila alipoitwa. Vijana wakaanza kusema kwamba mzee siku hizi hawapigi nguruwe, anawaamsha kula daku. Wakatoliki wa Matombo walipanda na matenga, wakarudi na matenga, na mmoja wao akaleta kwa upendo miwani ya marehemu baba yake. Hayo yote mjomba aliyavumilia. Lililomwumiza lilikuja kwenye kikao cha ukoo kuhusu mpaka wa shamba la migomba. Mipaka yetu haina mawe. Mjomba ndiye aliyekuwa akiijua, mpaka uko mti gani na kijito gani, na akisema hapa, ni hapa. Siku hiyo mpwa wake mmoja, kijana aliyelelewa kwa ugali wa mjomba huyohuyo, akauliza mbele ya watu: aliyemkosa nguruwe mzima ataona mpaka?

Watu walicheka kidogo, kisha wakamtuma mtu mwingine akaangalie.

Mimi naishi mjini na nina hasira za karibu. Niliposikia habari ile nilipanda kijijini, maana nilikuwa nimesikiliza redioni wakili mmoja akieleza haki za mlaji. Nilimwambia mjomba kwamba sheria ipo, serikali inamlinda mlaji, na sisi tutakwenda kumtetea mlaji mpaka kieleweke. Mjomba alinisikiliza akiwa ameshika kikombe cha chai hewani. Kisha akaniuliza, taratibu, kwa nini serikali inamlinda mlaji wakati mlaji ndiye aliyemaliza mahindi.

Nilimweleza kwamba mlaji ni yeye. Akakataa katakata. Yeye, akasema, tangu azaliwe hajaonja hata mchuzi wa mnyama yule. Walaji wapo, wako Matombo, na kama kuna haki yao wakadai wenyewe. Ilinichukua vikombe viwili vya chai kumfahamisha kwamba kwa wanasheria anayenunua ndiye anayekula. Alifikiri, akasema basi huyo aliyetunga neno hilo hajawahi kuuziwa kitu kibovu, maana anayeuza ndiye anayekula.

Tulikwenda dukani. Njia nzima mjomba aliipakata darubini ikiwa imeviringishwa kwenye taulo, na kioo kilikuwa cheupe tulipoondoka, niliona kwa macho yangu. Kufika mjini, jua la Morogoro limeshika, mwenye duka akafungua taulo, akaweka jicho, akaelekeza mlangoni, akatusomea maandishi ya kibao cha duka la ng'ambo ya barabara, mpaka namba ya simu. Ilikuwa imepona. Ilifanya kama mtoto anayewaka homa nyumbani, akifika hospitali anaomba biskuti.

Mjomba alieleza habari ya ukungu. Mwenye duka, mtu mnene mcheshi, alisikiliza kwa heshima akauliza darubini ilinunuliwa wapi, hapa au kule juu? Hapa. Na ukungu uko wapi, hapa au kule juu? Kule juu. Basi, akasema, dukani kwake hauzi ukungu. Huo ni wa kwetu, turudi tukaongee nao. Kisha akatuonesha mstari ulio chini ya kila risiti katika nchi hii: mali ikishauzwa hairudishwi. Mstari huo watu wanauheshimu kuliko Katiba.

Hapo nikaanza kupandisha sauti, na ningeendelea, ila mwenye duka akauliza sisi ni wa ukoo gani. Mjomba akautaja. Yule bwana akapiga meza kwa viganja vyote viwili. Kumbe watani! Ukoo wake na wetu wamekuwa wakizikana tangu mababu. Msiba ukiwa kwetu wao ndio wanaokuja kututania ili tusife kwa kilio, na ukiwa kwao tunakwenda sisi. Na mtani, kama mnavyojua, hakasirikiwi. Akikutukana unacheka. Akikunyang'anya kofia unacheka kichwa wazi.

Tangu dakika ile kesi yetu ilikwisha bila sisi kujua. Mjomba akisema umeniuzia kitu kibovu, mtani anacheka mpaka anashika tumbo, anaita wateja waje wasikie mtani wake anavyomchamba. Nikasema tutakupeleka mbele ya sheria, akaninunulia soda. Hakuna silaha niliyoijua dhidi ya mtu anayefurahia mashtaka.

Nikaenda peke yangu kwenye ofisi moja inayoshughulikia mambo hayo. Walinipokea vizuri. Wakasema ubovu sharti uonekane mbele ya mtaalamu, na mtaalamu hapandi milimani, maana hana fungu la kupandia milima. Nikauliza je, ubovu ukiwa hauonekani mpaka kwenye baridi? Wakasema hilo swali ni zuri.

Ndipo mjomba mwenyewe akapata wazo. Safari ya pili tulipitia kwa mama muuza juisi jirani na duka, tukamwomba atuwekee mzigo kwenye friji lake katikati ya maji ya ukwaju. Tulingoja kwenye benchi tukinywa juisi kwa adabu. Ilipotoka, kioo kilikuwa cheupe pepepe, na mjomba aliibeba kuvuka barabara kwa hatua ndefu, akiwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona usoni mwake tangu kikao cha mpaka.

Mwenye duka aliangalia. Kwa mara ya kwanza hakucheka. Aliigeuza, akaisugua, akaangalia tena. Halafu akauliza kwa nini ina baridi, na ina harufu ya ukwaju. Mjomba, ambaye hajawahi kusema uongo mbele ya mtu mzima, akamwambia. Basi yule bwana akapata pumzi. Akaeleza kwamba darubini ya bunduki si samaki. Ikiwekwa kwenye friji dhamana yake imekufa papo hapo. Ubovu ulikuwa umeonekana, na umekuwa wetu.

Lakini nadhani macho yake yalikuwa yameona, kwa sababu alitufuata nje akamvuta mjomba pembeni. Alisema tuyamalize kama watani. Atampa kifuta jasho: pampu mpya ya kupulizia dawa, ndoo, na dawa ya nyanya juu yake. Sharti lilikuwa moja, kwamba lisisemwe neno lolote kuhusu ubovu. Nilipomkazia macho akaniambia ukweli wake. Darubini kama ile ameziuza mpaka Dumila, na akisema ni mbovu kwa mmoja, kesho foleni itafika stendi.

Mjomba aliitazama ile pampu. Alikuwa anaihitaji kweli, ya kwake ilikuwa inavuja mgongoni. Kisha akasema, "Pampu baki nayo, na hela yangu baki nayo. Mimi nataka useme tu kwamba ni mbovu. Uje kwetu useme, watu wasikie."

Mwenye duka akajibu kwamba hilo peke yake ndilo asiloweza kumpa.

Nilikasirika na mjomba njia nzima. Nilimwambia pampu ni pampu. Miezi iliyofuata aliacha kuhudhuria vikao vya ukoo kwa kisingizio cha mgongo, na mkewe akanieleza kwamba asubuhi alikuwa akifumba jicho moja, kisha jingine, akiangalia kilele cha mlima, akijipima. Mtu aliyekuwa anamwona nguruwe ndani ya mahindi alikuwa ameanza kutoliamini jicho lake. Hapo ndipo iliponichoma, na inanichoma hadi leo.

Halafu bibi mmoja mzee wa ukoo akafariki, mtu aliyekuwa ameshakula chumvi nyingi hata watani wakaja kwa wingi na kwa raha. Mwenye duka naye akaja. Alifanya kazi yake ipasavyo. Alizuia jeneza lisitoke mpaka apewe kuku, akavaa kanga za marehemu, akaiga alivyokuwa akikoroma, na binti za marehemu waliokuwa wamezimia asubuhi wakaketi na kuomba aendelee. Alilala kwetu, kwenye mkeka wa wageni.

Alfajiri, kabla jua halijafika upande wetu wa mlima, mjomba alimpelekea darubini. Mimi nilikuwa nachochea moto wa chai ya waombolezaji, na nilimwona yule bwana akiketi mkekani huku anatetemeka kwa baridi, akiweka jicho, akifuta kwa zile kanga, akiweka tena. Safari hii hapakuwa na friji wala ukwaju. Kisha akasimama, akatoka uani ambako ukoo mzima ulikuwa umekusanyika, yule mpwa wa kikao akiwa miongoni mwao, na akasema kwa sauti:

"Jamani, darubini niliyomuuzia huyu mzee ni mbovu. Macho yake hayana kosa lolote. Kosa ni langu."

Uani walicheka kicheko ambacho msiba ule haukuwa umekipata. Mtani aliyesimama na kanga za marehemu kifuani kutangaza kwamba yeye ni mwizi, wapi umeona? Akaapa. Akasema wallahi hatanii, na shangazi zangu wakashikana mabega. Akawashikisha darubini waangalie wenyewe. Yule mpwa akaangalia, akasema anamwona marehemu anamsalimia, wakaanguka upya. Kadiri alivyozidi kusema kweli ndivyo alivyozidi kuwa mtani mzuri, na mwishowe akasimama amechoka, mikono chini, ananitazama mimi kama vile ningeweza kumsaidia.

Nikamtafuta mjomba. Alikuwa amesimama karibu na mlango, na watu wote wamemgeukia kuona atalipokeaje, maana mtani akikutania msibani na wewe ukanuna, umeuvunja utani wa ukoo mzima. Neno alilolisubiri limekuja, limesemwa mbele ya watu aliotaka walisikie. Alinitazama. Kisha, kwa sababu ni mwungwana na kwa sababu ndiyo desturi, mjomba akacheka, akapiga makofi pamoja nao, na hapo ndipo waliposadiki kabisa kwamba macho yake yamekwisha.