Walikuja Kumlilia Koko Akiwa Hai, na Lawama Nimebebeshwa Mimi

Admin, tafadhali usitaje jina langu wala mtaa wetu, hapa Uvira watu wanajuana. Mimi ni msichana wa miaka kumi na nane, nimepata diploma ya serikali, ile ya kumaliza sekondari, mwaka huu. Si muongeaji. Darasani nilikuwa najua jibu lakini mkono haupandi. Leo nina hasira ambayo hainiachi nile, ndiyo maana nawaandikia maelfu ya watu nisiowajua jambo nililoshindwa kulisema mbele ya watu kumi wa nyumbani.

Naishi kwa baba mdogo. Yeye na mke wake ndio walionilea tangu baba alipofariki. Tunaishi na Koko, bibi yangu, mama yake baba mdogo. Nilipofaulu, mama mkubwa anayeishi Ulaya alinitumia kamera na lensi mbili. Ile ndefu inavuta mbali, mpaka milima ya Burundi ng'ambo ya ziwa inakuwa kama iko nyuma ya ua wetu. Ile fupi haivuti hata kidogo. Ukitaka mtu awe karibu, unasogea mwenyewe kwa miguu. Wiki nzima nilijaribu kila kitu: ndagala, dagaa wa ziwani, zilizoanikwa juu ya gunia, masufuria, mikono ya mke wa baba mdogo akitwanga majani ya sombe. Nikagundua kwamba lensi fupi ukilifungua tundu lake la mwanga hadi mwisho, uso unakuwa wazi kabisa na vya nyuma vyote vinayeyuka kama ukungu.

Asubuhi moja Koko alikuwa mlangoni akichambua maharage, amejifunga kitambaa cheupe kichwani. Nikampiga picha. Nikaigeuza iwe nyeusi na nyeupe kwa sababu hivyo ilionyesha kila mstari wa uso wake. Nikamtumia baba mdogo peke yake na kuandika: "Baba mdogo, angalia kazi ya lensi mpya." Sikuituma kwa mtu mwingine yeyote, Mungu ananiona.

Ni yeye aliyeiweka kwenye grupu la familia. Akaandika, "Mama, mwanga wetu." Na kwa kuwa ni mwanga, akaongeza alama ya mshumaa. Mimi mjinga nilifurahi, nikapiga kapture, yaani picha ya kioo cha simu, ya ukurasa ule nihifadhi, maana ilikuwa mara ya kwanza kazi yangu kusifiwa.

Ninyi mnazijua picha za msiba za kwetu. Uso peke yake, mawingu nyuma, mshumaa pembeni.

Siku hiyo hiyo, saa nane mchana, shangazi alifika kutoka Makobola na wamama watatu, wamebeba mikeka na sufuria kubwa ya matanga, kilio wamekianzia barabarani. Shangazi hana simu ya kugusa. Jirani aliyetumiwa na mmoja wa grupu alimwonyesha ile picha na mshumaa wake tu. Koko aliposikia vilio akaweka ungo chini, akaanza kulia nao. "Yoo! Ni nani ametuacha?"

Shangazi akageuka, akamwona, akaanguka chini kwa goti.

"Mama! Ni weye ulikufa!"

"Minye? Nilikufa saa ngapi, na maharage hata haijaingia mu chungu?"

Wamama wakacheka huku machozi yanawatoka. Shangazi hakucheka, goti lake limevimba mpaka leo. Akapiga kelele: "Muntu gani aliweka mama yangu mu mawingu?"

Baba mdogo alikuwa amesimama pale pale, simu mkononi. Nilikiona kidole chake kikifuta ule ujumbe. Halafu akanielekezea mimi kidole hicho hicho.

"Ni huyu na aparei yake! Tangu ifike anatupiga-piga foto kama muchawi. Amemuzika mama angali muzima!"

Mke wake akasema, "Angalieni, hata kujitetea hajitetei." Na wale wote walio kwenye grupu, waliouona ujumbe kwa macho yao, wakatazama miguu yao. Nani atamwaibisha mkubwa wa familia kwa ajili ya msichana bubu?

Kamera imefungiwa kwenye kabati la baba mdogo. Anasema Jumapili baada ya ibada familia itakaa, shangazi atakuwepo, nipige magoti na kutamka kwamba mimi ndiye niliyesambaza ile picha. Hapo atanirudishia kamera. Nikikataa ataitupa ziwani.

Kupiga magoti si shida. Kwa shangazi naweza kupiga magoti mchana kutwa, ameumia kwa ajili ya picha yangu. Kinachonichoma ni kwamba huyu mtu, anayetufundisha kila jioni kwenye maombi kwamba uongo ni dhambi, anataka Koko anisikie kwa masikio yake nikisema uongo. Koko pekee ndiye hakuniuliza kitu. Aliniambia tu, "Lete nione." Akaisogeza simu mpaka karibu na pua. "Huyu ni minye? Kumbe ningali muzuri hivi! Utanipiga ingine, nikiwa na kitenge yangu ya bluu. Hii sikucheka."

Jicho lake moja limeshaziba. La pili limeanza kuona ukungu. Hiyo picha ya pili anataka kuiona yeye mwenyewe, si kuhadithiwa.

Nikimwonyesha shangazi ile kapture, nitakuwa nimemvua nguo mtu aliyenilea, mbele ya dada yake na mama yake, na sijui nitalala wapi siku hiyo. Nikinyamaza na kukiri, napata kamera na Koko anapata picha yake, lakini nitaitwa mchawi wa nyumba hii mpaka niolewe.

Nishaurini, dada zangu na mama zangu: Jumapili nipige magoti au nifungue simu? Msichelewe kunijibu. Koko amevaa kitenge cha bluu tangu Jumatatu, na anakataa kukivua tukifue.